Mpangaji wa Chumba cha Kushoto

Mwanabaraka alitoka chumba cha vipimo kwa kishindo, kanga imemtoka begani naye hana habari. Mama yake, Bi Dija, alikuwa ameketi kwenye benchi la nje ya hospitali akivuta tasbihi.

"Mama, kimeonekana!"

"Nini tena?"

"Kitu! Kimo ndani ya moyo wa Najma. Nimekiona kwa macho yangu haya, kinapanda na kushuka. Si pepo, Mama! Wallahi si pepo!"

Watu kwenye foleni waligeuka. Mama gani huyu, anaambiwa mwanawe ana kitu moyoni, na meno yote yako nje? Lakini wao wangejuaje? Hawakujua kwamba tangu mwezi wa Maulidi, Najma alikuwa akianguka kila akiinuka kutoka sijida. Akirukuu, salama. Akisujudu, salama. Akiinuka tu, chini. Na kwa kuwa alikuwa mwalimu wa madrasa, na mara ya kwanza alianguka mbele ya wanafunzi wake, habari ilitoka kijijini kwao Mlingotini ikafika Bagamoyo mjini kabla mwenyewe hajazinduka: mwalimu Najma ana pepo asiyetaka ibada. Wazazi wakaanza kuwaondoa watoto wao, kwa adabu zote, huyu ana mafua, yule amekwenda kwa shangazi yake Msata.

Halafu mama mkwe wake, Bi Sabah, yule wa duka la vifaa vya ujenzi, akamrudisha Najma kwa mama yake "apumzike kidogo." Pwani nzima inajua mapumziko hayo huishia wapi. Kwa hiyo Mwanabaraka aliposikia kwamba madaktari bingwa kutoka Dar wamepiga kambi hospitalini Bagamoyo, na wana mashine ya kuutazama moyo ukiwa unapiga, hakuomba ruhusa ya mtu. Aliuacha mwani wake haujaanikwa, akamshika bintiye mkono.

Daktari mwenyewe alitoka nje, mwanamke mwembamba mwenye ushungi wa buluu. Aliitwa Dokta Jasmin. Alimwamkia Bi Dija shikamoo kwanza, akaitikiwa marahaba, ndipo akachuchumaa mbele yao.

"Moyo una vyumba vinne," alisema. "Chumba cha juu cha kushoto kina kitu ndani yake. Najma akisujudu, kitu hicho kinakaa pembeni. Akiinuka, kinateremka kinaziba mlango, damu haipiti, anaanguka. Ibada haihusiki hapo. Hata angekuwa anaokota kijiko, angeanguka."

"Kumbe ni mpangaji!" alidakia Mwanabaraka. "Kodi halipi, na bado anawafungia mlango wenye nyumba."

Dokta Jasmin alicheka, halafu akaacha kucheka. "Sijajua ni mpangaji wa aina gani, mama. Pengine ni damu iliyoganda. Hiyo tunaiyeyusha kwa dawa. Pengine ni uvimbe unaoning'inia kwa kikonyo, kama embe. Huo unakatwa, mtu anapona, anazaa, anazeeka. Na pengine ni uvimbe uliojichimbia ukutani."

"Na huo wa mwisho?"

"Tusiutaje kabla hatujauona. Uvimbe wa ndani ya moyo ni jambo nadra. Mimi nimeusoma mara nyingi kuliko nilivyouona." Akamgeukia Najma, aliyekuwa amesimama mlangoni amejishika ukuta. "Leo nimeupima moyo wako kupitia kifuani, picha ina ukungu. Kesho nitapitisha kipimo kooni, maana huko ndani koo na moyo ni majirani wa ukuta kwa ukuta. Nataka kuona kimeshikia wapi. Ni siku yetu ya mwisho hapa, adhuhuri tunafunga mizigo. Kuanzia usiku usile wala usinywe chochote. Chochote, tumeelewana?"

"Tumeelewana," wakaitikia wote watatu, na Bi Dija ndiye aliyeitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Alfajiri, Mwanabaraka alipoingia jikoni, alimkuta mama yake ameshamaliza kazi. Sahani nyeupe ya kauri ilikuwa imejaa aya zilizoandikwa kwa zafarani, mstari juu ya mstari, kwa mkono usiotetemeka hata kidogo. Bi Dija alikuwa akizikosha taratibu kwa maji na marashi, na maji ya manjano yalikuwa yakitiririkia kwenye kikombe.

"Mama, dokta alisema asinywe kitu."

"Amesema asinywe maji, chai, maziwa. Hili ni kombe. Kombe ni chai?"

Mwanabaraka alisita. Kusema kweli, hakusita sana. Tangu azaliwe hajamwona mtu wa nyumba ile akienda kwenye mtihani, safari au uchungu wa kuzaa bila kunywa kombe. Kumpeleka mwanawe akapitishwe mpira kooni bila neno la Mungu tumboni kulimwonekea sawa na kumpeleka uchi. Akanyamaza, na kunyamaza kwake kukawa ndiyo.

Najma alikunywa, akajifuta midomo. Kisha Bi Dija akamwekea tende kiganjani.

"Na hizi?" Najma aliuliza.

"Kombe haliteremki tumbo tupu, mjukuu wangu, litakukata. Hizi ni za Madina, nazo ni baraka vilevile. Kula, unatucheleweshea gari."

Walifika hospitali mapema, wakamkuta Bi Sabah amewatangulia. Alikuwa ameketi wima, baibui lake limepigwa pasi hata benchi linaona haya kukaliwa. Pembeni yake alisimama mwanawe Humaid, mume wa Najma, akizungusha funguo za gari kidoleni. Humaid alipomwona mkewe alitaka kwenda, akamtazama mama yake, akabaki alipo. Mwanabaraka aliliona hilo, likamchoma.

"Sabalkheri, mkwe," alisema Bi Sabah. "Nimesikia mnataka kumpitisha mtoto mpira kooni. Na mimi nimeshaongea na shehe wa kumsomea. Si mngeniuliza?"

"Kusomewa hakumkatazi mtu kupimwa, mkwe wangu."

"Mtu aliye mzima haanguki akitoka kusujudu. Mimi nina umri huu sijaona." Akashusha sauti kidogo tu, kiasi cha benchi la pili kusikia. "Na mwanangu hawezi kukaa hivi, si mume si mseja."

Najma aliinamisha kichwa. Mwanabaraka alikuwa na jibu, tena kali, lililokwisha kufika kwenye ncha ya ulimi, lakini nesi akafungua mlango.

"Najma! Amekula huyu?"

"Hajala," alisema Mwanabaraka.

"Amekunywa?"

"Hajanywa."

Alijibu kwa moyo mweupe kabisa, kwake kombe na tende za Madina zilikuwa dua, si chakula. Hata angeapishwa kwa msahafu angeapa.

Mlango ukafungwa. Mwanabaraka alianza kuhesabu tasbihi za mama yake kwa macho, na kabla hazijafika mbali alisikia sauti ya nesi ndani, imepanda: "Dokta, njoo! Huyu ana manjano!" Mwanabaraka aliusukuma mlango bila kubisha hodi. Najma alikuwa ameketi kitandani kinywa wazi, nesi amemshika kidevu, na ulimi wake wote, kuanzia ncha hadi shina, ulikuwa wa rangi ya bizari.

Dokta Jasmin aliutazama ulimi. Akamvuta kope, akatazama jicho, jicho ni jeupe. Kisha akainama, akanusa.

"Marashi," alisema. "Najma, umekunywa kombe."

"Ndiyo, dokta."

"Na nini kingine?"

Najma alimtazama mama yake. "Tende."

Nesi aliuweka mpira wake mezani kwa nguvu. "Jamani watu wa huku! Mtu anaambiwa chochote, anaitikia, anakwenda kula. Halafu mkifa mnasema hospitali imewaua!" Alisema akielekea nje, na mlango ulikuwa wazi, na benchi zima lilisikia. Bi Sabah alisikia kuliko wote.

"Nilijua," alisema. "Neno moja tu mmeambiwa. Moja!"

Mwanabaraka hakupata pa kuweka uso. Aibu ilimpanda kutoka miguuni. Aibu ya kudharauliwa aliizoea, mkulima wa mwani hudharauliwa na wengi. Hii ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu ilikuwa ya haki. Kule nje Bi Dija alikuwa ameacha kuvuta tasbihi, amejikunja, amekuwa mdogo ghafla.

"Dokta, kosa ni langu," Mwanabaraka alisema. "Nilikuwepo, niliona, nikanyamaza. Mpitishie tu huo mpira, Mungu atamlinda."

"Siwezi, mama. Tende zikirudi juu zikaingia mapafuni, tutamuua tukiwa tunamtazama." Dokta Jasmin alivua glavu. Ajabu, hakuwa amekasirika. "Mimi mwenyewe ni mtu wa Pangani. Nilinyweshwa kombe siku ya mtihani wa darasa la saba, nikaingia chumba cha mtihani nanukia kama harusi. Nilipaswa kuuliza kombe kwa jina lake. Sikuuliza."

Akaitazama mashine. Mwanabaraka aliyatazama macho ya daktari, akaona yanaanza kuchangamka.

"Koo limefungwa leo," alisema Dokta Jasmin. "Lakini mshipa wa mkono haujali nani amekula nini. Nesi! Lete ile dawa ya mapovu."

Alieleza huku mikono yake ikifanya kazi, na kadiri alivyoeleza ndivyo sauti yake ilivyozidi kasi. Dawa ile ni mapovu madogo mno, madogo kuliko chembe ya damu, yanapigwa kwenye mshipa na kusafiri hadi moyoni. Mashine ikiyaona, yanawaka meupe. Kila penye damu panakuwa peupe, na ukungu wa jana unaondoka. Na uzuri wake si huo tu. Damu iliyoganda haina mishipa, kwa hiyo haipokei povu hata moja, inabaki nyeusi tii. Uvimbe mbaya una mishipa mingi, huwaka kuliko hata nyama ya moyo. Na ule wa kikonyo hupokea kidogo tu, kwa uvivu.

"Kwa hiyo rangi itatuambia," alisema Mwanabaraka.

"Rangi itatuambia. Ndugu mmoja anaweza kubaki ndani."

Mwanabaraka aligeuka, akaenda mlangoni, akamshika Bi Sabah mkono. Hajawahi kumshika mkono mwanamke yule kwa nguvu namna ile. "Njoo, mkwe. Njoo umwone pepo wako."

"Nimesema mmoja!" alisema daktari.

"Tutasimama kwenye nafasi ya mmoja, dokta. Hata kupumua tutapumua kwa zamu."

Basi wakasimama wameshikana, baibui la pasi na kanga ya mwani. Najma alilazwa kwa ubavu wa kushoto, uso ukutani. Dokta Jasmin alimpaka mafuta ya baridi kifuani, akaweka kipimo, na moyo ukatokea kwenye kioo: kivuli kinachojikunja na kujikunjua, na sauti yake ikijaza chumba, shwa, shwa, shwa.

"Sindano," alisema.

Nesi alisukuma dawa. Wakangoja. Upande wa kulia wa moyo ukawaka kwanza, kisha weupe ukaingia kushoto, ukafurika chumba cha juu kama tui linavyojaa bakulini. Na katikati ya weupe ule akaonekana mpangaji. Duara, kubwa kiasi cha yai la kuku, na kila moyo ulipopiga aliteremka mlangoni, akaukwamia mlango, akarudi juu.

"Audhubillahi!" alisema Bi Sabah, akamng'ang'ania Mwanabaraka. "Ndicho hicho? Na anatembea na hicho?"

"Nyamazeni sasa," alisema daktari. "Nayapasua mapovu yote kwa pigo moja. Mtaona giza. Halafu tazameni jinsi weupe unavyorudi."

Akabonyeza. Kioo kikawa cheusi. Mwanabaraka alihisi kucha za mkwewe zimeingia mkononi mwake, na hakuhisi maumivu. Ukarudi weupe chumbani, kwa damu. Ukarudi kwenye nyama ya moyo, taratibu. Mpangaji alibaki mweusi. Akabaki mweusi. Dokta Jasmin alisogeza uso karibu na kioo hadi pumzi yake ikakigusa. Kisha, ndani ya weusi ule, kikametameta kidoa. Na kingine. Vichache, vivivu, hafifu kuliko nyama iliyouzunguka.

"Si damu iliyoganda," alinong'ona. "Na hauwaki. Hauwaki! Ngoja niugeuze."

Alizungusha kitufe, na picha ikaacha kuwa bapa. Moyo ukachomoza kwenye kioo wenyewe, wa mviringo, mtu angetamani kuushika. Daktari akaupindua, akauchungulia kwa juu, akaukata upande kwa kidole kimoja, na wote wakaona. Uvimbe ulikuwa umeshikilia ukuta wa katikati kwa kikonyo chembamba. Ukuta wenyewe ulikuwa safi, haujaliwa.

"Embe," alisema Mwanabaraka.

"Embe, mama. Aghalabu wa namna hii si mbaya. Watauthibitisha maabara wakishautoa, lakini unatoka. Unatoka!"

Mwanabaraka alipiga kigelegele. Hakukusudia, kilimtoka tu, kirefu, kikapenya ukuta kikafika foleni na duka la dawa. Nesi alimkemea: hapa ni hospitali, si harusini! Bi Sabah hakumkemea. Alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya ushungi, machozi yanamtiririka.

"Na mimi nilimwambia anasujudu bila nia," alisema. "Nilimwambia hivyo, mkwe, mbele ya wafanyakazi wa duka. Mtoto alikuwa anakufa, mimi namwambia hana nia."

Mwanabaraka angeweza kumjibu. Siku nyingine angemjibu. Alimpa ncha ya kanga yake ajifute.

Kilichofuata kilikwenda kasi. Dokta Jasmin alisema Najma asirudi nyumbani, aondoke nao siku hiyohiyo, Dar wapo wanaofungua moyo na kuufunga. Uvimbe laini kama ule unaweza kumeguka, kipande kikaenda ubongoni, au siku moja ukaukwamia mlango na usirudi juu tena. Bi Sabah akatoka kumwamrisha Humaid alete gari, Humaid akatoka mbio hata funguo zikamwanguka, Mwanabaraka akawa anakusanya viatu, mkoba, ushungi, anaongea peke yake, anacheka.

"Mama," alisema Najma.

Hakuna aliyesikia.

"Mama! Wewe unashangilia tangu jana."

Mwanabaraka akasimama, kiatu kimoja mkononi.

Najma alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, amejikumbatia. "Unashangilia, mkwe analia, dokta anafurahi. Mnaongea juu ya embe. Hicho ni kifua changu. Watanipasua mfupa, watausimamisha moyo wangu. Usipopiga tena je? Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kama naogopa."

Mwanabaraka alikiweka kiatu chini. Aliketi sakafuni, miguuni kwa bintiye. "Unaogopa, mwanangu?"

"Naogopa sana."

"Na mimi naogopa. Ndiyo maana napiga kelele."

Najma akamgeukia daktari. "Ninyi nyote mmekiona. Mimi nilielekezwa ukutani. Nionyeshe."

Dokta Jasmin alimgeuzia kioo. Najma aliutazama moyo wake ukijikunja na kujikunjua, na kile kitu kikiteremka, kikiziba, kikipanda. Alikitazama, macho hayapepesi, kama alivyokuwa akimtazama mwanafunzi mtukutu hadi mtoto ashushe macho. Mlangoni Humaid alikuwa amefika, anahema. Safari hii hakumtazama mama yake. Aliingia, akaketi kitandani kando ya mkewe, akakitazama naye.

"Kwa hiki," alisema Najma, "niliambiwa simpendi Mungu."

Akakichukua kile kiatu, akakivaa.

"Haya. Twendeni wakakitoe."

Kikatolewa. Kwamba Mwanabaraka alisubiri vipi nje ya mlango ule wa Dar, na nani alimshika, na Bi Dija huko Mlingotini aliswali rakaa ngapi, hayo yanatosha kukisiwa na mwenye mtoto. Maabara walisema si uvimbe mbaya. Kidonda kilipona kikaacha mstari, na siku ya kurudi kliniki Dar wakafika wote, gari moja, Bi Sabah amekaa mbele na kikapu cha vitumbua alivyokaanga mwenyewe.

Dokta Jasmin alimlaza Najma, akapaka mafuta, akatazama. Chumba cha kushoto kilikuwa kitupu. Mlango ulikuwa ukifunguka wote na kujifunga wote. Daktari alitazama kwa pembe hii na ile, akauzungusha moyo kwenye kioo, hakupata cha kulaumu. Akamfuta mafuta.

"Sasa inuka," alisema. "Si polepole kama mgonjwa. Inuka kama zamani."

Najma hakuinuka. Rangi ilimtoka usoni. Humaid alipiga hatua, Bi Sabah akaacha kikapu, Mwanabaraka alikwisha kuwapita wote wawili, amesimama mbele ya kitanda miguu imetanuliwa, mikono yote miwili mbele, vidole wazi, kama alivyosimama nyuma ya mwanawe kila swala tangu Najma arudishwe nyumbani.

"Bismillahi," alisema Najma.

Akainuka kwa mara moja. Akaketi. Akateremka. Akasimama sakafuni peku, macho ameyafumba, anangoja giza lije. Halikuja. Akafumbua jicho moja, halafu la pili. Mwanabaraka alikuwa bado amekinga, mikono mbele.

"Mama," alisema Najma, "shusha mikono. Nimeshasimama."